Heko kwa Mafundi wa Ngoma

Misa ya Jumapili huko Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hainogi bila ngoma. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misa kwa taratibu za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na ngoma ikapata heshima yake kanisani. Waumini huisifu kwaya. Fundi anayezifanya ngoma ziseme hatajwi.

Butembo iko juu ya mita 1,700, kwenye baridi na ukungu. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea, na sauti huwa kama ya mtu mwenye mafua. Ngoma ya mti fundi huianika juani au huisogeza karibu na moto, kwa kipimo, kwani joto likizidi ngozi hupasuka.

Ngoma ndogo ya fanfari, yaani bendi ya tarumbeta, yenye nyaya chini, ina taabu yake. Fundi hukaza skrubu mbilimbili zinazokabiliana, akigonga ukingoni mbele ya kila moja mpaka sauti zilingane. Nyaya zikibana mno, mlio hukabwa. Zikilegea, huchachatika zenyewe hata padri akihubiri.

Akiwa na ngoma kuukuu mbili za aina hii, huzigonga kwa zamu, fimbo ileile, nguvu ileile. Ya shaba aghalabu hulia kwa ukali. Ya mbao hulia kwa upole zaidi. Kila moja ina sauti yake, ndiyo maana hakubali ngoma itupwe kwa sababu ya kutu tu: kutu ya skrubu husuguliwa, ngozi hubadilishwa.

Parokia zinazotenga fedha za vipaza sauti zitenge pia za ngozi, na za mkono unaoiwamba.