Nairobi ni Sentensi Moja Tu

Wanasiasa wa mrengo wa kulia Uingereza wana hadithi moja wanayoipenda sana, na Nairobi imo ndani yake. Inaenda hivi: kijana, ama mama, anashuka kwa ndege, baridi inauma, mfukoni hana kitu, tikiti yake ni ya kwenda bila kurudi. Anafanya kazi kama punda, hamlilii mtu, na mtoto ama mjukuu wake anakuwa waziri. Nimeisoma na kuisikiliza mara nyingi, vile mtu husoma ngano, nione ni wapi msimulizi anaharakisha. Huwa anaharakisha akifika Afrika Mashariki. Maisha mazima ya watu, maduka yao, shule zao, majirani zao, yanapewa sentensi moja, halafu ndege inapaa.

Chukua ya Rishi Sunak. Babu yake, Ramdas, alitoka Gujranwala mwaka 1935 akaja Nairobi kuwa karani. Baba yake, Yashvir, akazaliwa hapa hapa 1949. Mama yake ni mzaliwa wa Tanganyika. Julai 2022, Sunak alipoanza kutafuta uongozi wa chama cha Conservative, alitoa video inayoanza na nyanya yake akipanda ndege kwenda Uingereza, amebeba matumaini, kisha akafanya kazi karibu mwaka mzima ili awalipie mume na watoto nauli. Ni hadithi tamu, na sina shaka ni ya kweli. Lakini kwa nini mtu aliyekuwa na mume, watoto na nyumba Afrika Mashariki aliamua kuanza upya? Video haina nafasi ya swali hilo.

Alipokuwa waziri mkuu Oktoba hiyo, sisi nasi tulijaribu kumdai, ila kwa uvivu. Obama tulimpa sikukuu ya kitaifa. Sunak alipata vichwa vya habari vya siku mbili. Kwa matatu ya Kangemi, tukiwa tumekwama pale Museum Hill, jamaa mmoja alisema, "Huyo si ni Muhindi wa Parklands tu?" Mama aliyekaa nyuma yake akamuuliza, "Na Muhindi wa Parklands ni wa wapi?" Gari likanyamaza. Miaka mitano kabla ya hapo serikali ilikuwa imewatangaza Waasia wa Kenya kuwa kabila la 44, lakini matatu haikuwa imepata hiyo barua.

Toleo bora zaidi la hadithi hii, kwa maoni yangu, ni la Suella Braverman. Hotuba yake ya kwanza bungeni, 2015, ilimsimulia baba yake, Mgoa kutoka Kenya, akitua Heathrow asubuhi ya baridi. Hana ndugu, hana rafiki. Mali yake kuu ni pasipoti ya Uingereza. Kenya, alisema binti, ilimfukuza kwa sababu alikuwa Mwingereza. Imeandikwa vizuri, na ile pasipoti ni kitu ambacho mwandishi yeyote wa hadithi fupi angejivunia. Ila kuna tarehe ndani yake: Februari 1968.

Msomaji asiyejua historia atapita hapo bila kusimama. Mimi nilisimama. Februari 1968 ndio mwezi ambao Waasia wa Nairobi wenye pasipoti za Uingereza walikuwa wakikimbilia uwanja wa ndege wa Embakasi, kwa sababu walijua mlango unafungwa. Serikali ya Labour, chini ya Harold Wilson, ilipitisha sheria bungeni kwa siku tatu, ikaanza kufanya kazi 1 Machi. Kwa lugha ya kawaida ilisema hivi: pasipoti yako ya Uingereza haitoshi tena, lazima wewe, mzazi wako ama babu yako awe na asili ya Uingereza kwenyewe. Mzungu wa Karen alikuwa na babu Surrey. Muhindi wa Ngara babu yake alikuwa Punjab ama Gujarat. Pasipoti ni ile ile, lakini mmoja anaingia na mwingine anabaki. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa rangi uliofikia kiwango cha kuwadhalilisha watu.

Baba yake Braverman, basi, aliwahi mlango kwa wiki chache tu. Katika hotuba ya binti, kufukuza ni kazi ya Kenya peke yake, na Uingereza ni mikono iliyofunguliwa. Hii si kasoro ndogo ya usimulizi. Ukiitoa sheria ya 1968, hadithi inakuwa ya shukrani. Ukiirudisha, mtu aliyeshika ahadi ya serikali mkononi anakimbizana na serikali hiyo hiyo ikiivunja.

Nasi Kenya tusijifanye watakatifu. Sheria zetu za 1967, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, ndizo ziliwabana waliokuwa hawajachukua uraia. Wengine walikuwa wamezaliwa hapa. Ukitembea Biashara Street leo, unapita kando ya jambo ambalo hatujaandika riwaya za kutosha kulihusu. Lakini leo nawasoma Waingereza.

Na hapa ndipo umoja wa mrengo wa kulia unapoingia, kwa sababu mwaka 1968 chama cha Conservative kilipasuka juu ya Nairobi. Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni Kenya ilipopata uhuru 1963, ndiye aliyeongoza kelele za kuwazuia Waasia, pamoja na Enoch Powell. Iain Macleod, aliyeshika wizara hiyo hiyo kabla yake, alimwandikia Sandys barua ya wazi kwenye jarida la Spectator: hawa watu tuliwapa ahadi, na tulijua tunachofanya. Macleod alipiga kura ya kupinga, ilhali uongozi wa chama chake uliunga mkono. Aprili Powell akatoa hotuba yake ya Birmingham, na Edward Heath akamwondoa kwenye baraza lake. Wengi huchukulia kwamba Powell alishindwa siku hiyo. Sioni hivyo. Alipoteza cheo, lakini sheria aliyoitaka ilikuwa tayari imepita, tena imepitishwa na wapinzani wake.

Rukia sasa 2025. Mzozo umeanza upya, ati Sunak ni Mwingereza kweli, yaani English, ama ni raia wa Britania tu? (Kiswahili chetu kinawaita wote Waingereza, kwa mara moja umaskini wa msamiati umekuwa na hekima.) Braverman akaandika gazetini kwamba yeye hawezi kamwe kuwa English, kwa sababu hilo ni suala la mizizi na damu. Sunak alipoulizwa akajibu bila kusita kwamba yeye ni English, bila shaka. Wote wawili baba zao walitoka mji huu, na wote walikaa baraza moja la mawaziri. Januari 2026 Braverman akahamia Reform UK ya Nigel Farage.

Kwa hiyo hadithi ya tikiti ya kwenda bila kurudi haitoshi tena kuwa gundi. Ilifanya kazi swali lilipokuwa "ulipiga foleni?" Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda miaka ya 60, kabla ya Amin kufukuza mtu, aliitumia hivyo hadi Kigali, Aprili 2022, alipotia saini mpango wa kupeleka wakimbizi Rwanda. Lakini swali likiwa "babu yako alizaliwa wapi?", foleni haikusaidii. Hilo ni swali la 1968.

Wachambuzi wa London wanapenda hesabu. Uchaguzi wa 2024 Conservative walipata asilimia 23.7 na viti 121, Reform asilimia 14.3 na viti 5, na Labour, kwa asilimia 33.7 tu, wakabeba zaidi ya viti 400. Jumlisha 23.7 na 14.3, wanasema, unganeni. Mkenya akisikia hivyo anacheka kidogo. Mwaka 1992 Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi, huku Matiba, Kibaki na Jaramogi wakigawana zaidi ya 60. Mwaka 2002 hatimaye wapinzani waliungana, "Kibaki Tosha" ikasemwa Uhuru Park, na KANU ikaanguka. Kufikia kura ya maoni ya 2005 walikuwa machungwa na ndizi. Muungano unaoshikwa na chuki ya mtu mmoja huisha mtu huyo akiondoka. Reform na Conservative wakiungana dhidi ya Labour, bado watabaki na Sunak na Braverman ndani ya chumba kimoja, na jibu mbili.

Ila kwa msomaji wa Kawangware nadhani swali la nani ataungana na nani ni la pembeni. Septemba 2025 Reform walisema watafuta kibali cha kuishi bila kikomo, na hata waliokwisha kukipata wataanza kuomba viza upya. Na Labour? Julai mwaka huo ndio waliofunga viza ya wahudumu wa wagonjwa kwa waombaji wapya wa ng'ambo, kisha wakapendekeza miaka ya kusubiri kibali ipande kutoka 5 hadi 10, na zaidi kwa wahudumu, wakiwemo walio huko tayari. Callaghan wa 1968 angelielewa jambo hili.

Jirani yetu mmoja alienda huko 2022 na cheti chake cha kuhudumia wazee. Mama yake aliuza kiploti Kikuyu ili apate nauli. Akipiga simu hamtaji Farage wala Badenoch. Anahesabu miezi. Zilikuwa zimebaki kumi na nne, kwa hesabu ya sheria aliyoenda nayo.