Chungu cha Asali: Vidokezo vya Picha na Majina ya Vitabu Teule vya Kiswahili

Mchezo wa kufumbua jina la kitabu kutokana na picha aghalabu huhesabiwa kuwa jamaa wa kitendawili. Ujamaa huo ni wa mbali kuliko unavyodhaniwa. Mtegaji anapoitaja nyumba isiyo na mlango akitaka jibu la yai, anamvusha msikilizaji kutoka sura moja hadi nyingine. Daraja lake ni sitiari. Picha mara nyingi hudai sauti tu: mfumbuzi hutaja anachokiona, kisha hujisikiliza. Kwa hiyo mchezo huu unakaribiana zaidi na kinyume, ule mtindo wa kugeuza silabi za maneno.

Tuitazame riwaya ya Said Ahmed Mohamed, *Asali Chungu* (1977). Mchoraji huchora asali na, kando yake, chungu cha kupikia. Jina limepatikana, tena kwa hila ya kisarufi: kivumishi -chungu hakipokei kiambishi kinachosikika mbele ya nomino za ngeli ya I-/ZI-, hivyo kinalingana kimatamshi na nomino chungu. Lau mwandishi angalichagua maisha badala ya asali, kivumishi kingalikuwa machungu na chombo hicho kisingalifaa kitu. Hata hivyo, picha imekiua kile kinachobeba jina lenyewe, yaani mgongano wa ladha mbili. Chungu cha jikoni hakigombani na asali, huihifadhi. (Mwerevu zaidi angechora chungu, wale wadudu, wakiizingira asali: walau hapo pana kuumwa.)

*Kichwamaji* (1974) ya Kezilahabi huonekana nyepesi zaidi: kichwa, kisha maji. Lakini maana ya nomino ambatani si jumla ya sehemu zake, na mfumbuzi anayezijumlisha hajapata chochote ila tahajia. Ajabu ni kwamba hapa mchoro usiojua kitu unagusa kiini kwa bahati. Kazimoto na Sabina wanapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, naye haishi. Riwaya yenyewe inaurudisha usemi kwenye mwili. Aliyeisoma huuona mchoro kwa macho mengine kabisa, ilhali yeye na asiyeisoma watatoa jibu lile lile na kupewa alama ile ile. Hapo ndipo ninapotilia shaka matumizi ya mchezo huu kama kipimo cha usomaji darasani. Unapima kumbukumbu ya majalada.

*Nyota ya Rehema* (1976) ya Mohammed Suleiman Mohammed inaonyesha hasara nyingine. Nyota ya mbinguni huchorwa kwa mistari mitano. Nyota iliyo bahati au majaaliwa ya mtu haichoreki, na ndiyo inayohusika zaidi katika riwaya ya msichana anayedhulumiwa haki yake. Tena, katika lahaja za kaskazini nyota ni kiu pia, na *Kiu* (1972) ni riwaya ya mwandishi huyo huyo. Sidai kwamba alikusudia mwangwi huo. Ninachodai ni kwamba jina lililoandikwa huuacha mlango wazi kwa msomaji wa Lamu, na picha huufunga. Kihusishi "ya" nacho hakina picha: nyota na Rehema, nyota ya Rehema, vyote huchorwa sawa.

Yapo majina yanayokataa kabisa. *Kusadikika* (1951) ya Shaaban Robert ni kitenzi katika kauli ya kutendeka kilichogeuzwa nchi. Mchoraji hana pa kushika. *Walenisi* (1995) ya Katama Mkangi inaelekea kukataa vivyo hivyo, mpaka jina la nchi anakofika Dzombo litamkwe polepole na kukatwa: wale ni sisi. Mkato huo ni wa mwandishi, si wa mchoraji, na maana haipotei unapokatwa, inazaliwa hapo. Kidokezo chake kingekuwa kidole kinachowaonyesha watu wa mbali, na mbele ya kidole hicho kioo. Mwenye kukijua kitabu kwa jalada tu atatazama kidole na kioo, asiambulie hata silabi moja.