Kudra na Hila katika Maisha ya Tippu Tip

Kitabu cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aghalabu husomwa kwa ajili ya historia ya pembe na misafara. Ni mara chache kusomwa kwa ajili ya fikira. Hata hivyo ndani yake limo swali lililowashughulisha wanazuoni wa Kiislamu tangu zama za Jabriyya na Qadariyya, na baadaye wanafalsafa wa Ulaya: je, binadamu hutenda kwa hiari yake, ama hutendeshwa na yaliyokwisha kukadiriwa?

Mwandishi hakulijibu swali hilo kwa hoja. Alieleza njia, siku za safari, frasila za pembe na vita, kwa maneno machache yasiyo na mapambo. Habari zake, zilizopigwa chapa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na kutolewa tena na W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959, ni habari za mtu anayeamua. Nsama, mtawala wa Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, alikuwa na sifa ya kuwashinda wafanya biashara waliomtangulia Tippu Tip. Sifa hiyo haikumrudisha nyuma. Mwaka 1867 alijeruhiwa huko kwa mishale, na juu ya hayo akashinda.

Kisa cha Utetela chafaa kuangaliwa zaidi. Tippu Tip alikuwa amepata habari za wanawake wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie waliotekwa zamani na kupelekwa Urua. Akadai kuwa mmoja wao alikuwa bibi yake. Mzee yule akasadiki, akampa enzi. Sasa nasaba ni jambo ambalo hakuna mtu alichaguaye, lakini Tippu Tip alijichagulia yake. Machoni pa Kasongo Rushie damu iliyopotea ilikuwa imerejea kwa majaliwa. Kwa mgeni wake hiyo ilikuwa hila iliyopangwa.

Spinoza, katika kitabu chake cha Maadili kilichotoka mwaka 1677, alifundisha kwamba watu hujidhani huru kwa kuwa wanayajua matendo yao bila ya kuzijua sababu zinazowasukuma. Kisa cha Utetela chaonyesha upande wa pili: asiyejua sababu aweza vile vile kuita majaliwa jambo lililotungwa na mwenziwe.

Upande huo ndio unaoipa Ujiji uzito katika kitabu hiki. Pembe na mateka kutoka Manyema walifikishwa Mtowa, katika pwani ya magharibi ya ziwa, wakavushwa hadi Ujiji, kisha wakashika njia ya Tabora. Katika masimulizi, ziwa ni kituo cha safari tu. Mateka hawana sauti, ingawa mmisionari Alfred Swann, katika kitabu chake cha mwaka 1910, aliwaeleza watu wa msafara wa Tippu Tip waliofungwa minyororo. Hapa ndipo ilipo kasoro kubwa ya kazi hii: hiari yote ni ya msimulizi, na wengine wamebaki kuchukuliwa.

Huenda mtetezi akasema kuwa msimulizi naye alifungwa na desturi za wakati wake. Hoja hiyo ina nguvu, lakini kitabu chenyewe chaipunguza. Mtu asimuliaye ushindi wake kuwa tunda la shauri lake hawezi kuikabidhi kudra hesabu ya waliofungwa. Wala itikadi ya kudra haimpi kimbilio. Kwa mafundisho ya al-Ash'ari, Mungu huumba tendo, na mja hulichuma. Na achumaye huulizwa. Methali husema, liandikwalo ndilo liwalo. Haisemi kwamba kila liwalo liandikwe kwa jina la Mungu peke yake, na mtendaji asitajwe.

Jibu jingine lapatikana Ujiji penyewe. Wamanyema wa mji huo wana asili ya ng'ambo ya ziwa. Baadhi ya wazee wao waliletwa kama watumwa, wengine walikuja kama wapagazi, askari na wafanya biashara. Sheria ya Tanganyika iliufuta utumwa mwaka 1922, lakini kabla ya sheria hiyo watu hao walikwisha kujenga nyumba, kufanya biashara na kusomesha watoto dini. Kuvuka ziwa hakukuwa shauri la kila mmoja wao. Kulifanya jina la Manyema kuwa jina la wenyeji kulikuwa shauri lao, na msomaji wa Tippu Tip hana budi kulipima pamoja na mashauri ya msimulizi.