Mbashu

Utotoni kwetu Shumba, kisiwani Pemba, siri ya watoto ilikuwa kinyume. Silabi ya mwisho unaileta mbele: Shumba ikawa Mbashu, Pemba ikawa Mbape, na embe tulizokuwa tukizivizia zikawa mbee. Tulipanga mambo yetu mbele ya bibi tukijiona salama. Siku ya tatu akatujibu kwa kinyume kilekile, nasi ikabidi tutafute mpindo mwingine. Mchezo huu ni wa zamani. Edward Steere, mmishonari aliyekaa Unguja karne ya 19, aliweka mifano yake mwishoni mwa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili.

Leo ninapoitazama kazi ya mafundi wanaolinda programu zisivunjwe, namkumbuka bibi. Programu ya simu ya Android husafiri ndani ya faili la APK, na mwenye faili ana nyumba nzima mkononi. Kwa zana za bure atalifungua, atasoma majina na hatua, atafika panapoulizwa kama mtumiaji amelipa, atafuta swali hilo, kisha atalifunga upya na kuligawa. Jasho la miezi limekwenda. Ndiyo maana fundi huipitisha programu yake kwanza katika chombo cha kugeuza majina kama R8: kipande kilichoitwa kaguaMalipo kikabaki a, cha pili b. Simu haisumbuki hata kidogo. Anayesumbuka ni msomaji. Wengine hupindapinda njia, huficha maneno, tena huifanya programu ikague saini yake kila inapoamka, ikikuta saini ya mgeni igome.

Ninachokistahi zaidi ni ukweli wao. Mwaka 2001 mwanasayansi wa kompyuta Boaz Barak na wenzake walithibitisha kihisabati kwamba hakuna njia moja ya kuificha kabisa kila programu. Mafundi hawakuiacha kazi kwa hilo. Wanajua wanachouza ni muda, mvunjaji achoke kabla ya kufika. Na kisichofaa kuonekana kamwe hawakiweki simuni: salio lako la pesa za simu limo katika kompyuta za kampuni, wala halimo mfukoni mwako. Huo ndio ufundi hasa, kujua cha kuficha na cha kutokibeba kabisa.

Nawe kijana wa Shumba unayejifunza kuandika programu, kabla hujaitoa, ifungue mwenyewe kama mvunjaji, uisome yote, uone umeacha nini wazi.