Usimulizi na Utu katika Riwaya ya Sharon Draper

Katika riwaya nyingi za watoto za karne ya 19, mtoto mwenye ulemavu hufunguliwa mlango mmoja wa kuingilia katika furaha ya wengine, nao ni kupona. Katika Heidi ya Johanna Spyri, iliyotolewa 1880 na 1881, Clara huletwa milimani akiwa hawezi kutembea; furaha ya mwisho wa hadithi imeegemezwa juu ya kusimama kwake. Out of My Mind, riwaya ya Mmarekani Sharon M. Draper iliyotolewa mwaka 2010, inaukataa mlango huo. Melody, msichana anayekaribia miaka 11, ana utindio wa ubongo. Hawezi kutembea, kusema wala kujilisha, na riwaya inapokwisha angali vivyo hivyo.

Nguvu ya riwaya imo katika nafsi ya kwanza ya usimulizi. Msomaji huisikia akili ya Melody kabla ya kuona jinsi anavyotazamwa na wengine. Hivyo basi, daktari anapompima akiwa na miaka mitano na kuamua kwamba hana akili timamu, kinaya humrudia daktari mwenyewe. Hata mashine ya kumsemea, anayoibandika jina la Elvira, haimwongezei Melody akili; huwaondolea wenzake udhuru wa kutomsikiliza. Wenzake hao, hata hivyo, wanasafiri kwenda mashindano ya chemshabongo Washington na kumwacha nyuma. Baadaye Melody anamwona mdogo wake Penny akielekea nyuma ya gari. Anapiga kelele na kurusha viungo, na mama yake mzazi, pamoja na mapenzi yake yote, haelewi. Hapo mwandishi amefaulu kabisa: kosa la kutosikia si la waovu peke yao.

Lakini ipo kasoro nzito. Draper amempa Melody kumbukumbu isiyopotewa na lolote, na heshima yake shuleni huja kwa kushinda maswali. Clara alilipa kiingilio kwa miguu. Melody analipa kwa kipawa. Wanafunzi wenzake wa chumba H-5, darasa la watoto wenye ulemavu, wamechorwa kwa sifa chache chache, kisha wakaachwa pembezoni. Je, asiye na kipawa atasikilizwa kwa hoja gani? Swali hilo riwaya imelizusha bila kulijibu.

Mfasiri atakayeileta kazi hii katika Kiswahili atakuta jibu fulani katika sarufi. Maneno kipofu, kiziwi na kiwete yana kiambishi cha vitu, lakini upatanisho wake ni wa watu: kiziwi amefika, wala si kimefika. Sarufi haimdai kiziwi ushahidi wa akili kabla ya kumhesabu mtu. Fasihi ya watoto nayo haina budi kufika hapo.