Mbona Kijerumani kipitie mlango wa Kiingereza?

Majuzi mjini Isiolo nilimkuta binti anayesomea Kijerumani chuo kikuu. Alikuwa likizoni, ameketi nje ya duka la mjomba wake, daftari mapajani, akikariri: der, die, das.

“Profesa, haya mambo hayana kichwa wala miguu,” akaniambia. “Das Mädchen! Ati msichana yuko kundi moja na nyumba na gari?”

Nikamuuliza mhadhiri analielezaje. “Kwa Kiingereza. Anasema tukariri tu.”

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na wanaofundisha lugha hii kwetu. Kiingereza hakina upatanisho wa aina hiyo. “The” haijali nomino. Binti huyu, kabla hajaingia shule, alikuwa anasema kiti kile, mti ule, jiwe lile bila kukosea. Kiborana cha nyumbani kwao nacho hutenganisha nomino za kiume na za kike. Basi anafika darasani na lugha mbili zinazomfaa, anaambiwa aziache mlangoni!

“Hebu chukua neno kijana,” nikamwambia. “Umbo lake ni la KI-VI, lakini husemi kijana kimefika. Unasema amefika. Kiswahili kimetazama uhai, kikaacha umbo. Kijerumani kimefuata umbo: kiambishi -chen cha udogo huivuta nomino kwenye das, awe mtu, kiwe kitu.”

Akacheka. “Kumbe ni ngeli!”

Si ngeli hasa, na sikutaka alimeze hilo zimazima. Ngeli zetu hubeba umoja na wingi. Kwa Wajerumani, ukifika kwenye wingi, zote tatu huwa die. Lakini tofauti hiyo yenyewe ni somo, na huioni ukiwa umesimama upande wa Kiingereza.

Upande wa utamaduni hali ni mbaya zaidi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira mjini Berlin, Septemba 2024, Kijerumani kimekuwa tiketi. Sina neno, kazi ni kazi. Ila shahada ya lugha si darasa la viza. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka mwaka uo huo. Nani wa kuziweka hizo mbili bega kwa bega, aone Velten alipomfuata Mtoro na alipomwacha, kama si mwanafunzi wetu anayezijua lugha zote mbili?

Na karibu zaidi na Isiolo, ukishika barabara ya Marsabit: Günther Schlee aliandika kwa Kijerumani, mwaka 1979, kitabu kizima kuhusu imani na jamii ya Warendile, wafugaji wa ngamia. Majirani hao!

Miaka mitatu chuoni, binti hajawahi kutajiwa hata kimoja. Aliandika majina yote mawili nyuma ya daftari, akauliza kama maktaba yao inavyo.

“Kaulize,” nikamwambia. “Na mhadhiri umuulize kwa Kijerumani.”