"Mrefu Mno": Upungufu wa Istilahi katika Uhakiki wa Muziki

Mwanamuziki wa ridhaa atungapo wimbo mrefu wa roki, aghalabu wasikilizaji humjibu kwa maneno mawili: "mrefu mno". Twaona kuwa kauli hiyo yapima saa, haipimi utunzi. "Supper's Ready", wimbo wa kundi la Genesis la Uingereza uliotolewa mwaka 1972, huchukua dakika 23 hivi na una sehemu saba; urefu huo haukuuzuia kupendwa.

Mhakiki hana budi kutaja mahali penye kasoro. Baadhi ya istilahi tunazo. Wapenzi wa taarab ya Unguja hutenganisha bashrafu, yaani muziki wa ufunguzi usio na maneno, na wimbo wenyewe. Wapenzi wa dansi la Tanzania hulitambua chemko, sehemu ya mwisho iliyochangamka. Linalopungua ni jina la kiungo baina ya sehemu mbili. Twapendekeza "kivuko". Amwambiaye mtunzi, "Kivuko cha pili kimekatika ghafla," amempa kazi ya kufanya. Amwambiaye "mrefu mno" amemkabidhi mkasi bila kumwonyesha pa kukata.

Mwenye neno bora na alitoe.